Yule wa Pili

Ngome ya Lamu ilikuwa jela hadi mwaka 1984. Mama yangu, aliyekulia mtaa wa Langoni, anakumbuka akikatazwa kucheza karibu na lango lake, na anakumbuka nyuso za wafungwa walipotolewa nje. Anasema walikuwa na sura za watu wa kawaida, na jambo hilo ndilo lililomtisha zaidi. Leo ngome ile ni makumbusho, na ndani yake mna maktaba. Ukiingia kutoka kwenye jua la uwanja wa Mkunguni, kuta zile nene zinakupokea kwa ubaridi, na mwili unashukuru kabla hujakumbuka ni nani waliokuwa wakilala humo.

Humo ndimo nilimosoma kwa mara ya pili, kwa muda wa wiki tatu, riwaya ya Mrusi Fyodor Dostoevsky iliyotoka mwaka 1866, ambayo kwa Kiswahili ningeiita Uhalifu na Adhabu. Mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi. Tulifundishwa kwamba ni kisa cha dhamira: kijana anaua, dhamira inamtafuna, hali halali, mwisho anakiri na kutubu. Niliandika hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Safari hii nimesoma polepole, kwa sababu zangu nitakazozisema, na nimeona kwamba nilichoandika kwenye mtihani hakikuwa kweli. Yule kijana anaugua, anaweweseka, anazimia, anakiri, anahukumiwa na kufungwa. Muda wote huo hajuti kwamba ameua.

Kwa ambao hawajaisoma, kisa ni hiki. Rodion Raskolnikov ameacha chuo kwa ukata mjini St Petersburg, anaishi darini kwenye chumba kinachofanana na kabati. Kuna mwanamke mzee, Alyona Ivanovna, anayekopesha watu kwa rehani na kuwakamua riba. Kijana amejijengea nadharia kwamba watu ni namna mbili: wengi walioumbwa kutii, na wachache wa daraja la Napoleon, ambao damu ya wengine haiwazuii wakiwa na jambo kubwa la kutenda. Anataka kujua yeye ni wa namna gani. Amehesabu hatua kutoka kwake hadi kwa yule mzee, zikafika 730. Jioni moja ya Julai, mji ukitokota kwa joto, anakwenda na shoka alilolining'iniza ndani ya koti, na anamuua.

Mpaka hapo kila kitu kimo kwenye hesabu yake. Lakini mlango haukufungwa, na Lizaveta anaingia.

Lizaveta ni dadake Alyona, baba mmoja mama mbalimbali. Ana miaka 35, mrefu, mpole, mwenye haya, na dada yake amemfanya mtumwa wa nyumbani na humpiga. Anasimama katikati ya chumba na furushi mikononi, anamwona dada yake sakafuni. Hapigi kelele. Raskolnikov anamjia na shoka, na Dostoevsky anatuambia kwamba alikuwa amezoea kuonewa kiasi kwamba hata uso wake hakuukinga. Alinyoosha tu mkono wa kushoto, ule usioshika kitu, kidogo, kama anayemwomba mtu asisogee.

Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi, na kila mara ni mkono ule ninaouona. Hata mtoto wa miaka miwili ukimtishia kofi hujikinga uso, bila kufundishwa na mtu. Mwanamke huyu alikuwa ameshapigwa hadi akakisahau kitu ambacho mwili unazaliwa nacho.

Sasa fuata kurasa zote zinazobaki, na ni nyingi, umtafute Lizaveta katika mawazo ya aliyemuua. Utamkuta Alyona kila mahali. Raskolnikov anamchukia, anabishana naye, anaota anampiga shoka naye anacheka. Lizaveta hayumo. Kuna mahali, sehemu ya tatu, anajishangaa mwenyewe: mbona simfikirii kabisa, kana kwamba sikumuua? Anajiuliza hivyo, kisha mawazo yanampeleka kwingine. Na anapojitetea kwa watu wawili wanaompenda kuliko wote, kwanza Sonya, kisha dada yake Dunya, anasema alichokiua ni chawa, mdudu asiyemfaa mtu. Chawa mmoja. Waliouawa ni wawili.

Nimesema nina sababu zangu.

Miaka sita iliyopita mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alikuwa akirudi kutoka kuvua usiku, kwenye mkondo kati ya Shela na Manda, ndani ya mashua yake ndogo. Boti ya injini iliyokuwa ikienda mbio bila taa ikampanda. Tulimpata kesho yake maji yalipotoka. Kijana aliyekuwa akiiendesha ile boti alinusurika. Nataka niseme wazi kwamba yule kijana si muuaji, hakukusudia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwita hivyo. Mambo ya sheria yalikwenda njia yake na si hayo ninayoyaandika. Jina la mjomba silitaji hapa. Nyanya aliniomba nisilipeleke kwenye mitandao, nami namtii. Nyumbani kwetu hutajwa kila siku.

Siku ya tatu, baada ya khitma, kijana aliletwa na wazee wawili. Wakakaribishwa dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Alikuwa ameinamisha kichwa, kanzu imemlegea mwilini. Akasema amekuja kutaka radhi kwa yaliyotokea. Akasema ile ilikuwa ajali, ni kadari ya Mungu, na anaomba tusameheane jambo hili liishe. Wazee wakaitikia amin. Baba akajibu kwa niaba yetu kwamba tumesamehe, wakasomewa Fatiha, wakaaga.

Nyanya alikuwa ndani, nyuma ya pazia, amesikia kila neno. Walipokwisha toka akauliza kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu, bila kumlenga mtu:

"Mbona ina lake hakulitaya?"

Mbona jina lake hakulitaja. Nilikasirika, nikaona nyanya ameshika neno dogo siku ya msiba mkubwa. Usiku sikulala. Nikayapitia maneno ya yule kijana moja moja. Yaliyotokea. Ile ajali. Jambo hili. Hata neno marehemu halikumtoka. Kila kitu kilikuwemo katika radhi ile isipokuwa mtu.

Wala sisemi alikuwa mkavu. Mama yake alitwambia kwamba hali wala halali, na nilimwamini, maana nilimwona mwenyewe jinsi alivyokonda. Aliacha bahari mwaka mzima. Alijutia mengi yule kijana: alijutia usiku ule, boti ile, maisha yake yaliyogeuka. Nilijua kuna kimoja hakukijutia, na nikakosa neno la kukiita. Tukikutana jetini tunasalimiana vizuri, ananiuliza nyanya hajambo, namwambia hajambo. Ndiyo hali iliyokuwepo nilipokichukua tena kitabu cha Dostoevsky.

Mwandishi huyu alikuwa akiandika kitu alichokijua. Mwaka 1849 alikamatwa kwa kuwa katika kundi la watu waliosoma na kujadili maandishi yaliyokatazwa, akahukumiwa kifo, akasimamishwa uwanjani mbele ya bunduki mwezi Desemba, na dakika ya mwisho ikasomwa amri ya kumwondolea hukumu ile. Akapelekwa Omsk, Siberia, akakaa miaka minne kwenye gereza la kazi ngumu, analala ubao mmoja na wauaji. Alipotoka akaandika kitabu kuhusu maisha yale, na humo anasema kwamba kwa miaka yote aliyoishi nao hakuona dalili hata moja ya majuto kwa wale watu, na kwamba wengi wao moyoni walijiona hawana kosa. Nilipoyasoma hayo nikiwa mahali palipokuwa jela, nilinyanyua macho nikatazama ukuta. Nikakumbuka nyuso alizoziona mama.

Kwa hiyo alipofika kumfunga Raskolnikov, hakutaka kutudanganya. Mwisho wa riwaya, mahakamani, Raskolnikov anaulizwa kilichomfanya ajisalimishe. Anajibu kwamba ni majuto ya kweli kutoka moyoni. Mahakama inamsikiliza. Inazingatia kwamba mfuko wa pesa alioiba, uliokuwa na rubo 317 na senti zake, aliuficha chini ya jiwe bila hata kuufungua. Inasikia kwamba aliwahi kuwaokoa watoto wawili wadogo kutoka nyumba inayoungua. Inampa miaka minane tu ya kazi ngumu. Halafu, kurasa chache mbele, tukiwa Siberia, mwandishi anatufunulia kifua cha yule mfungwa. Ameitafuta hatia moyoni mwake na hakuiona, ameona kosa la mahesabu ambalo lingempata yeyote. Kinachomwaibisha ni kwamba hakuweza kulibeba tendo lake kama wangelibeba wale wakubwa anaowahusudu, akaenda kukiri. Anajutia kushindwa.

Sisi pia majuto yana uzito mahakamani. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua kesi ya Muruatetu mwezi Desemba 2017, kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa la mauaji ya kukusudia, ilitaja mambo ambayo jaji atayatazama kabla ya kutoa adhabu, na mojawapo ni kama mkosaji anajuta. Naiunga mkono hukumu ile kwa moyo wote, mtu asikilizwe kabla ya kufungiwa mlango. Ila jaji anasikia maneno, na Raskolnikov alikuwa nayo maneno.

Wengi wetu tunasema majuto ni mjukuu, na methali hiyo inatwambia majuto huja lini. Haitwambii mtu anajutia nini. Aliyenifumbua macho kwa hilo ni maalim aliyetusomesha Qurani utotoni, aliyekuwa akipenda kisa cha wana wawili wa Adam. Kimo katika Sura Al-Maida, na wafasiri ndio wanaowaita Kabil na Habil. Mmoja alimuua ndugu yake, kisha akawa hajui la kufanya na maiti, maana hakuna aliyewahi kufa mbele yake. Mungu akaleta kunguru akifukua ardhi, kumwonyesha jinsi ya kumsitiri nduguye. Muuaji akalia: ole wangu, nimeshindwa hata kuwa kama kunguru huyu. Aya inamaliza kwa kusema akawa miongoni mwa wenye kujuta.

Tulikuwa watoto, tukafurahi. Amejuta, basi amesamehewa! Maalim akatuzuia kwa kidole. Akasema tazameni analilia nini. Baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba majuto yale yalikuwa ya kuubeba mzigo ule asijue pa kuuweka, ya kushindwa na ndege, na hayakuwa majuto ya kumuua ndugu. Kunguru ni wengi hapa mjini kuliko paka, na miaka yote hii nimewatazama wakipekua majalala bila kukumbuka somo lile. Nililikumbuka nikiwa ukurasa wa Siberia. Yule wa kwanza kuua kabisa naye alijutia kushindwa.

Toba, tulivyosomeshwa, ina masharti yake: uliache kosa, ulijutie, uazimie kutorudi. Na kosa likiwa limemgusa mja kuna sharti la nne, umrudishie haki yake au umtake radhi mwenyewe. Ndiyo maana mazikoni kwetu husimama mtu wa nyumba na kusema, anayemdai marehemu aje kwetu. Deni la kilo mbili za sukari linatafutiwa mwenyewe. Sasa aliyeua atamtaka radhi nani? Warithi wana fungu lao la kusamehe, na Sura Al-Baqara imewafungulia mlango huo, na baba aliupita siku ile kwa nia njema. Lakini hakusamehe kwa niaba ya mjomba. Hakuna anayeweza. Na kwa sababu hakuna anayeweza, nadhani kitu pekee alichobakiwa nacho mkosaji ni kumtazama. Amtazame yule mtu mwenyewe, na mkono wake, na furushi lake.

Raskolnikov si mtu asiye na huruma, na wanaomsoma kama shetani wanamwonea. Pesa alizotumiwa na mama yake anampa karibu zote mjane wa mlevi aliyekanyagwa na gari la farasi. Msichana mlevi akifuatwa na mwanamume barabarani, yeye ndiye anayeingilia kati. Huruma yake inamshukia kila anayemtazama. Alyona hakumtazama, alimhesabu. Lizaveta hakuwemo hata kwenye hesabu.

Mara moja tu anamwona. Yuko chumbani kwa Sonya, yule binti anayejiuza kulisha wadogo zake, na anataka kumwambia nani alimuua Lizaveta, lakini ulimi hautamki. Sonya alikuwa rafiki yake Lizaveta, wakisoma pamoja. Raskolnikov anamwambia amtazame vizuri, akisie. Sonya anaelewa, na ananyoosha mkono wa kushoto mbele yake, na polepole anaanza kuinuka kitandani, akijitenga naye. Ni mkono uleule. Na Raskolnikov anauona uso wa Lizaveta ndani ya uso wa Sonya, jinsi ulivyokuwa alipokuwa akimjia na shoka. Dostoevsky haongezi neno la kueleza. Angeweza kumfanya aanguke hapo alie. Badala yake dakika chache baadaye tunamsikia akisema kwamba hakumuua yule bikizee, amejiua mwenyewe. Akili imeshakimbia tena, imerudi kwake mwenyewe.

Sonya anamwambia aende njia panda, asujudu, aibusu ardhi aliyoinajisi, na aseme kwa sauti watu wote wasikie: nimeua. Anakwenda. Anapiga magoti kwenye uwanja wa soko, anaibusu ardhi kweli, kwa furaha hata. Watu wanamcheka, mmoja anasema mlevi huyu anaagana na nchi anakwenda Yerusalemu. Na lile neno "nimeua" linamfia mdomoni. Mwili umefanya yote yaliyotakiwa, ulimi ukabaki nyuma. Niliposoma hapo nilimwona kijana wetu dakani, kichwa chini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimhurumia bila kujilazimisha. Labda jina la mjomba lilikuwa kooni mwake.

Wasomi wengi hawaupendi mwisho wa riwaya hii. Wanasema mwandishi alichoka, akamtubisha mtu wake kwa haraka: asubuhi moja kando ya mto, bado miaka saba ya kifungo, Raskolnikov anaanguka miguuni pa Sonya na kulia, na tunaahidiwa maisha mapya. Mimi naamini machozi yale. Kinachoniuma ni kingine. Chini ya mto wake wa kulalia kuna Injili, ambayo yeye mwenyewe alimwomba Sonya amletee na hajaifungua. Ndiyo ileile Sonya aliyomsomea habari za kufufuliwa Lazaro. Na ukirudi nyuma hadi usiku ule wa kusomewa, utakuta amemuuliza Sonya kitabu hiki amekipata wapi, naye akamjibu kwamba aliletewa. Na nani? Na Lizaveta.

Kwa hiyo analala juu ya kitabu cha mwanamke aliyemuua. Na Sonya anayemlilia magotini, shingoni mwake aliamua kuvaa msalaba wa shaba aliopewa na Lizaveta. Mwanamke yule yuko pande zote, kichwani pa kitanda na kifuani pa mpenzi, na katika ukurasa ule wa mwisho wa machozi na mapambazuko hakuna anayemtaja. Sijui kama mwandishi alisahau au aliliacha hivyo makusudi ili mmoja wetu aone. Nimelifikiria kwa siku nyingi na bado sijaamua.

Siku niliyomaliza, nilitoka ngomeni ikiadhiniwa Alasiri, nikapita njia ya ndani kukwepa punda waliobeba mawe, nikafika nyumbani. Nyanya alikuwa amekaa na ungo anachambua mchele. Tangu utoto ninaposoma kitabu humhadithia, naye husikiliza huku mikono ikiendelea. Nikamhadithia chumba cha darini, hatua 730, shoka ndani ya koti. Nikamfikisha kwenye mlango ulioachwa wazi, na furushi, na mkono wa kushoto. Hapo akauweka ungo chini.

"Huyo wa pili," akasema, "ina lake ni nani?"

Nikamwambia.

Akalijaribu, likamshinda, akalijaribu tena. "Lizabeta," akasema. "Masikini Lizabeta." Kisha akauinua ungo wake.